NDEGE ALIYERUKA KABLA YA PICHA

 

Alasiri moja, baada ya sala, kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Mabawa, Tanga, alinijia barazani. Nimemsomesha tangu Juzuu Amma, na sasa ni mtu mzima mwenye kamera ya lenzi ndefu, apigaye picha za ndege wa pwani na wa mwituni. Akaniamkia, "Shikamoo Maalim," kisha akanyamaza.

Nikamwuliza, "Una nini, mwanangu?"

Akanionyesha picha ndani ya kamera yake. Alikuwa chozi jike, yule ndege mdogo anyonyaye maua, amening'inia mlangoni mwa kiota chake, na makinda wawili wamefumbua midomo. Wallahi ilikuwa picha nzuri.

"Siku nne nilimkosa, Maalim," akasema. "Majani yalikuwa yanamficha. Siku ya tano nikakata matawi mawili, nikampata. Leo asubuhi nimerudi, kiota kitupu. Kunguru wamekula makinda. Je, nina dhambi?"

Sikumjibu papo hapo. Swali lake lilikuwa fupi, lakini ndani yake mna swali kubwa lituhusulo sote, mvuvi na mkulima, mzazi na mwalimu: subira ni nini? Kijana huyu alingoja siku nne juani. Wengi wetu tungemwita msubirivu. Basi yawaje msubirivu akafikia kufanya alilolifanya?

Kuhusu hukumu ya picha zenyewe, wanavyuoni wamehitilafiana tangu kamera ilipoingia katika nchi za Kiislamu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri na kufariki mwaka 1935, aliandika risala ya kuijuzisha, na wengine wakakataa. Sikukusudia kuingia huko leo. Nazungumza na yule aliyekwisha kuishika kamera, na pamoja naye kila mwenye kutamani kitu kisichokuwa mkononi mwake.

KUNGOJA NA ELIMU

Asiyeijua kazi hii hudhani kuwa ni kubonyeza tu. Sivyo. Ndege wa mwituni hana miadi na mtu. Waweza kutoka baada ya sala ya alfajiri, ukalala kifudifudi matopeni mpaka adhuhuri, na ndege asije. Au akaja akakupa mgongo. Au akageuka vizuri, na papo hapo wingu likafunika jua. Picha mtu azikosazo ni nyingi kuliko azipatazo.

Tuchukue mfano wa membe, yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, alaye kaa katika fukwe zetu. Yeye hutaga ndani ya mashimo ayachimbayo mchangani, pande za Ghuba na Bahari ya Sham, na mara nyingi hutaga yai moja tu. Kisha huja kwetu pamoja na mtoto wake, akakaa muda wote wa kaskazi, na kusi ikianza hurudi kwao, mithili ya majahazi ya zama za wazee wetu.

Mwenye pupa humwona membe kwa mbali, maji yamekupwa, akamwendea mbio matopeni. Membe huruka, na wenzake wote wakaruka naye. Ama mwenye kujua hutangulia kukaa juu ya ufuko, kimya, jua likiwa mgongoni mwake, akayaacha maji yajae. Maji yajaapo hufunika matope yenye kaa, na ndege hurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka wakamkaribia. Bahari ndiyo iliyofanya kazi. Yeye amejua saa zake tu, akatulia.

Hapa pana somo. Katika Surat al-Kahf twasoma kuwa yule mja mwema aliyefuatwa na Nabii Musa (A.S.) alimwonya kuwa hataweza kusubiri pamoja naye, na sababu aliyoitoa ni upungufu wa elimu ya mambo atakayoyaona. Basi elimu ni nguzo ya subira. Ajuaye kuwa mnazi wa kienyeji huchukua miaka 6 na zaidi mpaka uzae, hang'oi mche wake kwa hasira mwaka wa pili. Mara nyingi tusemapo, "Nimechoka kusubiri," maana yake ni kuwa hatukujifunza jambo lenyewe lahitaji muda gani.

NENO "LAU"

Sasa tuje kwa yule aliyekosa. Zamani, kamera zilipokuwa za filamu, mkanda mmoja ulikuwa na picha 36. Kila kosa lililipiwa, na mtu hakujua amepata au amekosa mpaka mkanda usafishwe. Leo kamera hupiga picha 10 na zaidi kwa sekunde moja, na zilizoharibika hufutwa bila gharama. Mtu angedhani wenye kamera hizi wana raha kuliko wale wa zamani. Lakini naona kinyume chake. Kosa lisilokuwa na gharama humfanya mtu aone kuwa kupata ni haki yake, na akikosa huona amedhulumiwa.

Katika hadithi aliyoitoa Imam Muslim kwa mapokezi ya Abu Huraira, Mtume (S.A.W.) ametuelekeza tufanye bidii katika lenye kutufaa na kumtaka msaada Mwenyezi Mungu, kisha, likitufika tusilolipenda, ametukataza kusema lau ningalifanya hivi, kwani neno hilo humfungulia shetani kazi. Angalia mpango wa mafundisho haya: bidii imetangulia, na ridhaa imefuata.

Kwa hiyo kukosa ni kwa namna mbili, na yatupasa kuzitenganisha. Ikiwa ndege aliruka kwa sababu mwewe alipita, hilo ni la Mola. Mshukuru, ufunge kamera yako, urudi nyumbani ukazungumze na watoto. Lakini ikiwa aliruka kwa sababu ulisimama kujinyoosha, au kamera ilizimika kwa kuwa hukuijaza moto usiku, basi usiitwike kadari uzembe wako. Jihesabu, urekebishe, kisha usahau. Kusema "imeandikwa" kabla ya kujihesabu ni uvivu. Kusema "lau" baada ya kujihesabu ni kujitesa. Hata ndege wenyewe, ambao Mtume (S.A.W.) amewatolea mfano wa tawakkul, hutoka asubuhi na njaa ndipo wakarudi jioni wameshiba, hawakai viotani wakingoja.

ASIYEONEKANA HAKUPOTEA

Nabii Sulaiman (A.S.), ambaye ndege walitiishwa chini ya amri yake, aliwakagua siku moja asimwone hudihudi. Akaahidi kumpa adhabu kali, lakini aliacha mlango wazi: isipokuwa aje na hoja iliyo dhahiri. Haukupita muda, hudihudi akaja na habari za Sabaa na malkia wake, habari ambazo mfalme hakuwa nazo. Kisa hiki kimo katika Surat an-Naml. Kukosekana kwa ndege yule mahali alipotakiwa kulikuwa na kheri iliyokuwa bado njiani.

Karibu yetu pia pana mfano. Bundi mdogo wa Sokoke, ambaye urefu wake haufiki sentimita 20, alitambuliwa na wataalamu miaka ya 1960 katika msitu wa Arabuko-Sokoke, nchini Kenya, na kwa zaidi ya miaka 20 ilidhaniwa kuwa hana makao mengine duniani. Mwaka 1992 akapatikana katika misitu ya chini ya Usambara ya Mashariki, huku kwetu Tanga. Haielekei kuwa alihamia mwaka huo. Alikuwapo, akilia usiku juu ya vichwa vya watu, na sisi tukisikia bundi twafunga dirisha kwa kuogopa mkosi, itikadi ambayo Mtume (S.A.W.) ameikanusha. Basi kutoona kwetu si dalili ya kutokuwepo, na riziki isiyoonekana leo si riziki iliyopotea.

MKONO NAO USUBIRI

Wanavyuoni wameigawa subira mafungu matatu: subira ya kudumu katika taa, subira ya kujizuia na maasi, na subira juu ya misiba. Sisi tumezoea kulitaja la tatu tu. Na methali yetu isemayo subira huvuta heri, wengi tumeielewa kama kwamba subira ni kamba: mtu akishavuta siku nyingi, heri haina budi kuja, na isipokuja, yu halali kwenda kuichukua kwa nguvu.

Hapo ndipo kijana wetu alipoponyokwa. Alikuwa na fungu la kungoja; fungu la kujizuia hakuwa nalo. Mwili ulisubiri siku nne, mkono haukusubiri. Majani yale hayakuwekwa pale kumzuia yeye. Yalikuwa kivuli cha makinda mchana, na pazia lao mbele ya kunguru hawa waliojaa pwani nzima tangu walipoletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19.

Abu Dawud ametoa hadithi ya Ibn Masud kuwa masahaba, wakiwa safarini, walichukua makinda wawili wa ndege mdogo, na mama yao akaja akirukaruka juu yao. Mtume (S.A.W.) aliporejea akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Walikuwa masafarini, wana shughuli nzito, na bado uchungu wa ndege mmoja ulikuwa na hesabu.

Hata wasiokuwa wa dini yetu waliobobea katika kazi hii waliuona mpaka huo. Richard na Cherry Kearton, ndugu wawili wa Uingereza walioanza kupiga picha za viota mwaka 1892, walitengeneza ng'ombe wa bandia mwenye uwazi ndani, wakajificha humo ili ndege wasishtuke. Walijibana wao, wakamwacha ndege alivyo. Mwingereza mwingine, Eric Hosking, mwaka 1937 alipoteza jicho lake la kushoto kwa kucha za bundi aliyekuwa akilinda makinda. Hakuiacha kazi yake, wala hakugeuka adui wa bundi. Alirudi kwa jicho moja akaendelea kuwapiga picha.

JAWABU

Basi nilimwambia kijana: "Mwanangu, hukukusudia kuua, na Mola ndiye ajuaye nia. Lakini ulijua kuwa majani yale yana kazi, ukatanguliza matamanio yako. Toba yako ni kujuta, kuacha na kuazimia usirudie. Na uwaonye wenzako wenye kamera."

Akauliza, "Nayo picha, Maalim, niifute?"

Nikamwambia, "Usiifute. Ila ukimwonyesha mtu akakusifu, mweleze na lililofuata."

Akainama, akaaga, akaenda zake. Nami usiku ule usingizi ulinipaa, kwa sababu nilikumbuka tawi nililolikata mimi.

Miaka 30 na zaidi iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mzito wa kushika herufi. Wenzake walikwisha kufika mbali, yeye bado anatatizwa na alif na lam. Nilimngoja, naam, nilimngoja miezi mingi. Kisha siku moja, mbele ya chuo kizima, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Kesho yake hakuja. Hakuja tena. Kila nikikutana naye njiani hunishika mkono kwa adabu na kuniita Maalim, na mimi najua kuwa hawezi kusoma Yasini juu ya kaburi la mama yake.

Nilijisifu kuwa nimesubiri miezi, kumbe subira yenyewe ilikuwa ni ile saa moja ya mwisho, nilipouchoka ule uzito wake na maneno yakanifika ulimini. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa subira ya kweli hujulikana katika pigo la mwanzo. Ile miezi yote ilikuwa ni kungoja tu.

Leo mwanawe yuko mbele yangu chuoni. Alif na lam zamtatiza kama zilivyomtatiza baba yake. Kila siku namwita kando peke yake, namsomea, anasoma, anakosea, namsomea tena.

Ewe Mola wetu, tupe elimu ya kujua muda wa mambo, tupe bidii kabla ya kukosa na ridhaa baada yake, na utuzuie mikono na ndimi zetu pale tunapokaribia kupata. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.