Mkono wa Kuume

Somo: Luka 6:6–11, 2 Samweli 9, 16:1–4, 19:24–30



Mathayo anasimulia habari ya mtu aliyepooza mkono, na Marko pia. Lakini Luka peke yake ndiye anayetuambia ulikuwa mkono wa kuume. Luka alikuwa tabibu, Paulo anamwita hivyo katika Wakolosai 4:14, na tabibu huuliza mambo ambayo wengine huyapita. Mkono gani? Kwa sababu mkono wa kuume ndio unaoshika nyundo. Jerome, mwalimu wa kanisa aliyefariki mwaka 420, aliandika kwamba katika injili iliyotumiwa na Wanazareti mtu huyu alikuwa mwashi, na alimsihi Yesu amponye ili asiishie kuomba chakula kwa aibu. Hiyo si Biblia, na siihubiri kama Biblia. Lakini inanionyesha kwamba Wakristo wa zamani walipoisoma habari hii waliona kazi ndani yake.

Sisi wa Mariakani tungepaswa kuiona upesi kuliko wao. Mji wetu unakula kwa mikono. Kuna viwanda vya mabati na vyuma, kuna magereji, kuna vijana wa kupakia na kupakua malori kando ya barabara kuu. Mkono ukipotea hapa, unga pia unapotea.

Sasa angalia Yesu alifanya nini. Hakumfuata yule mtu kando amnong'onezee maneno ya faraja. Alimwita asimame katikati, mbele ya watu wote, wakiwemo waliokuwa wakitafuta kosa. Kisha akamwambia aunyoshe mkono ule ule. Yaani alimpa jambo la kufanya. Hapo mimi husimama sana, kwa sababu aliyeumia huwa tunamfanyia kila kitu mpaka anasahau kwamba yeye naye anaweza kufanya.

Kuna ndugu kati yetu ameniruhusu nimtaje bila jina. Mashine ilimla vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kanisa lilikwenda hospitali, likachanga, likafunga na kuomba, na alipotoka alitoa ushuhuda hapa mbele tukapiga vigelegele. Leo imetimia miezi tisa. Aliniambia hivi: "Pasta, kila mtu ananiuliza kama nimepona. Hakuna anayeniuliza nitafanya kazi gani." Ana watoto watatu, na mke wake anauza mahamri ili walipe nyumba.

Wako waliomwendea na maneno mengine. Kwamba amerogwa. Kwamba atazame kwa bibi fulani kule nyumbani. Wapendwa, hili nalikemea waziwazi. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wamefukuzwa makwao na wengine wameuawa kwa maneno kama hayo. Mashine isiyo na kinga haihitaji mchawi. Na mfanyakazi aliyesimama saa kumi na mbili bila kupumzika haihitajiki ndoto kueleza kwa nini mkono uliteleza.

Na mtu asiseme pasta ameacha kuamini uponyaji. Ninaamini, na nitaendelea kuweka mikono. Lakini Mungu akikuponya kidonda, utaamka Jumatatu uende wapi?

Nilisoma biashara chuoni, kwa hiyo niruhusuni niongee hesabu kidogo. Kenya tuna Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile watu wanaita WIBA. Mwajiri akipata habari ya ajali anatakiwa kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7. Dai la fidia linawasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hii, kwa hiyo dai linaanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Ulemavu wa kudumu unahesabiwa kwa mshahara wa miezi 96, kisha inachukuliwa asilimia ambayo ulemavu umepimwa. Tuseme mtu alipata shilingi 20,000 kwa mwezi, na amepimwa asilimia 30. Hiyo ni shilingi 576,000. Ndugu yetu amebakiwa na miezi mitatu, na bado amekaa chini ya mwembe akingoja msimamizi wake apige simu. Msimamizi hatapiga. Hata kama ulikuwa kibarua, usijihukumu mwenyewe nyumbani. Nenda ofisini ukaulize.

Lakini pesa nazo zina mtego wake, na hapa namleta Mefiboshethi. Aliumia miguu akiwa na miaka mitano, yaya alipokuwa akikimbia naye kwa haraka akaanguka. Daudi alipompata hakumpa sadaka. Alimrudishia mashamba ya Sauli, akampa nafasi mezani, akamweka Siba ayalime. Mpango mzuri kabisa: mali ipo, msimamizi yupo, Siba ana wana 15 na watumishi 20. Ukifika sura ya 16, Siba anakuja kwa mfalme na punda waliotandikwa, mikate na divai, anamchongea bwana wake, na papo hapo mashamba yote ni yake. Sura ya 19 Mefiboshethi anajitetea: alitaka kutandikiwa punda, ni kiwete, na mtumishi wake akamhadaa.

Akina Siba hawajaisha. Fidia ikiingia, wiki hiyo hiyo binamu analeta wazo la bodaboda mbili, shemeji analeta ploti isiyo na hati. Mtu aliyezoea mshahara wa mwezi hajawahi kushika nusu milioni kwa siku moja. Baada ya mwaka pesa hakuna, na mkono bado hauna kazi.

Ndiyo maana fidia peke yake haitoshi. Majirani zetu Tanzania wana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, na kati ya mafao yake wameweka kitu wanachokiita utengamao: kumsaidia aliyeumia arudi kwenye maisha na kazi. Neno zuri sana hilo. Huku kwetu njia ipo, ila ni ya kuunganisha vipande. Serikali ina vituo vya kufundisha ufundi watu wenye ulemavu, kuna kimoja Nairobi, Industrial Area, na kingine Bura kule Taita. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ukishapimwa hospitali ya serikali na kusajiliwa, huwa linasaidia na zana za kazi. Wengi hawajisajili kwa sababu wanaona neno "mlemavu" ni laana. Si laana, ni fomu.

Na ninyi wenye biashara mnaosoma hapa, sikizeni. Fundi aliyekaa na mashine miaka minane anajua sauti yake ikianza kuumwa. Amepoteza vidole, hajapoteza masikio. Anaweza kufundisha wageni, kukagua mali ikitoka, kushika stoo. Anza naye nusu siku. Mpe kazi mnayokubaliana, mpime baada ya mwezi, umlipe mshahara. Kazi ya kuhurumiwa naye anaijua akiiona, na ataiacha.

Mama mmoja wa kanisa mwenye duka la vifaa vya ujenzi anatafuta mtu wa stoo anayejua nondo na mabati kwa majina na vipimo. Wameshaonana. Tatizo lilikuwa kuandika, kwa hiyo ndugu yetu anajifunza mkono wa kushoto jioni, kwenye daftari moja na binti yake wa gredi ya pili. Binti ndiye anayesahihisha. Jumatatu anakwenda Mombasa kupeleka dai lake, na mzee mmoja wa kanisa atamsindikiza. Wengine wenye ajali za kazini, hata za zamani, leteni barua za hospitali na payslip Jumatano, baada ya maombi ya saa kumi. Nitakuwa pale kwenye meza ya mapokezi.