Herufi Moja Chini ya Boneti

"Dada, RAV4 ni bodi. Injini yako ni ipi?"

Niliulizwa swali hilo siku ya kwanza nilipokwenda Kariakoo mwenyewe kununua spea. Nilikuwa nimesimama kaunta na pampu ya zamani mkononi, nimeizungushia gazeti. Gari lile nilikuwa nalo mwaka wa tatu. Limepeleka watoto shule, limempeleka mama kliniki, limetufikisha Tanga msibani na kuturudisha. Nikamjibu yule kijana, kwa ujasiri wote wa mtu aliyemaliza chuo kikuu: "Ya Toyota." Alicheka mpaka jirani yake wa duka la pili akaja kusikiliza kuna nini.

Jioni ile nikafungua boneti, nikamulika kwa simu kile kibati chenye maandishi madogo. Kiliandikwa 1AZ-FSE, cc 1,998. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kumbe nilikuwa naishi na kitu nisichokijua jina.

RAV4 ya umbo hilo, ile ya 2000 hadi 2005 ambayo hapa kwetu tunaiita "Kili Time", haikuwa na injini moja. Zile za soko la Japani zinazovutwa kwa magurudumu mawili zilipewa 1ZZ-FE ya cc 1,794. Zinazovutwa kwa manne zilipewa 1AZ-FSE. Ulaya waliuziwa 1AZ-FE, lita mbili vilevile. Bodi ile ile, taa zile zile. Tofauti kati ya hizo mbili za mwisho inaonyeshwa na herufi moja, S.

Herufi hiyo ina maana yake. Inakwambia kwamba petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Katika injini nyingine petroli hupitia kwenye njia ya hewa, na ikipita huziosha valvu. Katika FSE hupita hewa peke yake pamoja na mvuke wa oili, kwa hiyo masizi hujijenga mwaka hadi mwaka. Gari likisimama kwenye mataa linatetemeka kama lina homa. Pampu yake ya presha ni ya kwake peke yake, na bei yake pia ni ya kwake peke yake.

"Hii siyo mbovu," fundi wangu aliniambia, mikono imejaa oili. "Ila inataka mtu anayeijua." Akanifundisha: oili ibadilishwe kwa wakati, plagi ziwe zile zinazotakiwa na injini hii, chujio la petroli lisisahaulike, njia ya hewa ifunguliwe na kusafishwa masizi kila inapobidi. Nikafuata. Gari likatulia.

Mwaka huu tukaamua kuliuza. Dalali akanitumia tangazo alilozoea kuweka kwa magari yote: namba C, AC kali, injini haijaguswa. Hilo la mwisho nikalifuta. Injini imeguswa sana, na ndiyo maana inatembea.

Akaja mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kilosa. Fedha alikuwa nazo, mkopo wa SACCOS. Alilizunguka gari polepole, akagonga bodi kwa vidole, akakaa kwenye usukani, akatabasamu. "Shemeji yangu anayo kama hii hii," akasema. "Ya cc 1,800. Mafundi wa kwetu wanaiweza kabisa."

Hakuniuliza kitu. Alisema habari za gari la shemeji yake, na habari zile zilikuwa za kweli. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Fundi wangu, aliyekuwa pembeni, akainama kuangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Swali hili ni la zamani kuliko magari. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika kitabu kuhusu wajibu wa mtu, na ndani yake kuna mfanyabiashara anayetoka Aleksandria na shehena ya nafaka kwenda kisiwa cha Rhodes, ambako watu wana njaa. Anajua meli nyingine zinakuja nyuma yake. Awaambie, au auze kwanza kwa bei ya njaa? Cicero anawaleta wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje. Mengine auze kadiri awezavyo, mradi hasemi uongo. Antipater, mwanafunzi wake, anakataa: mnunuzi ana haki ya kujua yote anayojua muuzaji. Cicero mwenyewe akaegemea kwa Antipater. Kwamba mtu anaweza kunyamaza bila kuficha, sawa. Lakini ukinyamaza kwa faida yako, huku ukitaka mwenzako asijue jambo linalomhusu, hapo umeficha.

Sasa kesi yangu ilikuwa na utata wake. Injini yangu haikuwa na kasoro. Hapa Dar, karibu na Kariakoo na fundi anayeijua, lilikuwa gari zuri tu. Kilosa, mikononi mwa mafundi waliozoea injini nyingine, lingeweza kuwa mkopo unaolipwa huku gari limelala uani. Siwezi basi kujiuliza kuhusu gari peke yake na kujisafisha kwa jibu hilo. Lazima nijiulize linakwenda wapi na kwa nani. Na mwalimu yule alikuwa ameshaniambia.

Nikamwambia. Nikafungua boneti, nikamwonyesha kibati. Akaipiga picha ile herufi, akanishukuru kwa upole, akasema atarudi. Hakurudi.

"Umemfukuza mteja," fundi akasema baadaye. "Hakukuuliza, dada."

Wiki iliyofuata akaja mnunuzi mwingine, yeye ni wa kununua na kuuza. Nilipoanza kusema, "Injini ya gari hili ni..." akanyanyua mkono. "Usiniambie, dada yangu. Nikijua itabidi niseme."

Alikuwa anatania, lakini sijasahau. Mtu yule alijua vizuri kwamba kujua ni kuingia deni, kwa hiyo akachagua kutojua. Nikamkumbuka aliyeniuzia mimi. "Mambo ya injini sijui sana, mimi naendesha tu," aliniambia, na pengine alisema kweli. Lakini kibati kilikuwa pale pale, dakika mbili za kufungua boneti. Nadhani "sijui" inamwokoa mtu asiyekuwa na njia ya kujua. Mtu anayepokea fedha ya mwenzake huku njia iko mbele yake, "sijui" yake ni kimya kilichovaa nguo nyingine. Namsema yeye, na najisema mimi wa miaka ile mitatu.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na 2001 akapewa Nobel kwa kazi ya aina hiyo. Hoja yake ni rahisi: kama mnunuzi hawezi kutofautisha zima na bovu, atatoa bei ya wasiwasi kwa yote. Wenye mazima wataona bora wabaki nayo, na sokoni yatazidi mabovu. Kimya cha mmoja kinalipwa na wote.

Najua kuna atakayesema: wewe una mshahara, unaweza kumudu ukweli. Ni kweli. Mwenye mgonjwa wodini anayeuza gari leo ili alipe kesho, sitamsimamia juu ya kichwa. Ila mwalimu wa Kilosa naye hakuwa tajiri. Gharama ya kimya changu isingepotea hewani. Angeilipa yeye, kidogo kidogo, kwenye makato ya kila mwezi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Gari kuukuu halijiuzi, linauzwa na mdomo wa mwenye nalo. Gari bado liko uani kwangu. Tangazo nimelibadilisha, nimeandika jina la injini kamili, na simu zimepungua. Jana amepiga mmoja, sauti ya mzee. "Hiyo FSE ndiyo ipi, mama?" Nikamweleza yote mpaka salio lake likakata. Nikampigia mimi. Nimemwambia aje Jumamosi, na aje na fundi wake.