Amana Haivunjwi na Mwizi Peke Yake

Julai 2023 wadukuzi waliushambulia mfumo wa eCitizen, na Wakenya wakahangaika kupata huduma za serikali. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Lilikuwa pigo la usalama. Garissa, hata hivyo, inalijua jeraha jingine, ambalo halikuhitaji mdukuzi. Nyakati za ukame, Wakenya wengi wenye asili ya Kisomali walijiandikisha kama wakimbizi katika kambi za Dadaab, au waliandikishwa na wazazi wao wangali watoto, ili wapate chakula na matibabu. Alama za vidole vyao zikahifadhiwa. Miaka baadaye kijana akienda kuomba kitambulisho, anaweka kidole kwenye mashine, jina lake linaibuka katika sajili ya wakimbizi, na ombi linakwama papo hapo. Data haikuibiwa, ilitunzwa vyema na kusomwa na mwenye ruhusa. Kilichovunjwa ni faragha.

Mafundisho ya amana, ambayo Waislamu wa Masalani na Hulugho, huko huko Garissa, wameyasoma tangu chuoni, yanaieleza tofauti hii barabara. Katika fikihi, aliyewekewa mali halipi ikiibiwa bila uzembe wake. Lakini akiitumia kwa shughuli zake bila idhini ya mwenyewe, anabeba dhamana, hata kama mwizi hakufika. Usalama humzuia asiyeruhusiwa. Faragha humwekea mipaka hata huyo aliyeruhusiwa. Ndiyo maana Qurani, inapokataza kupelelezana na kuingia nyumba za watu bila idhini, inawaambia walioamini wenyewe.

Watu watauliza: je, mauaji ya Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, yaliyochukua roho 148, na hofu ya magaidi wa msitu wa Boni ulio jirani na Ijara, havitoshi kuihalalishia serikali kutumia kila data iliyo nayo? Hoja hiyo ni nzito. Lakini muuaji hutafutwa kwa ushahidi na amri ya hakimu. Kumnyima kitambulisho aliyekula mgao utotoni hakumzuii muuaji yeyote. Wengine watasema waliojiandikisha walidanganya. Mtoto hakuchagua kuandikishwa, na njaa ni dharura inayotambuliwa na dini. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data itumike kwa lengo lililokusanyiwa. Basi tunapoombwa alama za vidole, tusiridhike kuambiwa kwamba zitalindwa. Tuulize zitatumiwa kwa kazi gani, na tudai jibu kwa maandishi.