Haki ya Kuhukumu Kisichoonekana: Kompyuta ya Injini na Swali la Ushahidi

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa na dini zimeyashughulikia kwa karne nyingi ni lile la masharti ya kuhukumu: mtu anapaswa kujua nini, na kukijua kwa njia ipi, kabla hajatamka kwamba kitu fulani ndicho kilicholeta madhara. Swali hilo hujadiliwa zaidi kwa mifano ya mahakama na ya hospitali, lakini linajitokeza kwa uwazi wa pekee katika kazi ya fundi umeme wa magari, hasa anapotakiwa kuamua kama kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi wa Tanzania huiita kontroli boksi, imekufa na inapaswa kubadilishwa. Katika Bukima na maeneo mengine ya Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara, ambako Noah, Probox na Hiace zilizokwisha kutumika Japani hubeba abiria, dagaa na mazao, uamuzi huo si mdogo, kwa sababu gari linaposimama riziki ya watu kadhaa husimama nalo, na fedha iliyolipwa kwa kifaa kisichohitajika hairudi.

Kompyuta ya injini ni kisanduku chenye bodi ya saketi ambacho hupokea taarifa za sensa, yaani vifaa vinavyopima mzunguko wa krenki, joto la maji ya kupozea, kiasi cha hewa inayoingia na mahali ilipo pedeli ya mafuta, kisha hukokotoa ni wakati gani nozeli zimwage mafuta na koili zitoe moto wa plagi. Kisanduku hicho hutegemea umeme wa betri, ambao ni volti 12 na ushei, lakini hupunguza sehemu yake hadi volti 5 na kuigawa kwa sensa kadhaa kupitia njia ya pamoja. Kinapoona kipimo kisicholingana na kile kinachotarajiwa, huwasha taa ya injini kwenye dashibodi na kuhifadhi msimbo, yaani alama ya hitilafu ambayo, katika utaratibu uliofanywa wa lazima kwa magari mapya ya Marekani kuanzia toleo la 1996, huandikwa kwa herufi moja na tarakimu nne, na fundi huisoma kwa mashine ya kupimia.

Kosa la kwanza hutokea hapo hapo, pale msimbo unapopokelewa kama hukumu ilhali ni ushahidi wa shahidi mmoja. Msimbo unaosema umeme wa sensa fulani uko chini unaeleza kile ambacho kompyuta imekiona kutoka mahali ilipo. Sensa yenyewe inaweza kuwa mbovu, lakini pia waya unaweza kuwa umekatika, kiunganishi kimeingia kutu, au erthi imelegea. Hata msimbo P0606, ambao maana yake ni kwamba prosesa ya kompyuta inajilalamikia yenyewe, haupaswi kukubaliwa kabla ya kupimwa umeme unaoingia. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 19:15, haikuruhusu mtu ahukumiwe kwa kauli ya shahidi mmoja, na Qur'ani, katika Sura ya Al-Hujurat, inaamuru habari ichunguzwe kabla watu hawajadhuriwa kwa kutokujua. Mkoa wa Mara una mapokeo mengine yanayofaa kukumbukwa hapa, kwani Wamennonite, walioanza kazi yao Shirati mwaka 1934, ni warithi wa mafundisho yanayokataa viapo kwa hoja kwamba ndiyo ya mtu iwe ndiyo na siyo yake iwe siyo. Hoja hiyo ina uzito kwa gereji pia, kwa maana kioo cha mashine huupa msimbo heshima inayofanana na ya kiapo, ilhali ukweli wa kauli hauongezwi na heshima ya chombo kilichoitoa.

Mfano ulio bora zaidi wa hatari hii ni ule wa njia ya volti 5. Sensa moja inapopata shoti, yaani umeme wake unapokimbilia erthi bila kizuizi, inaweza kuiangusha njia nzima, na sensa zote zinazoitegemea zikanyamaza kwa pamoja. Hapo kompyuta hutoa misimbo mingi isiyohusiana, au injini hukataa kuwaka kabisa, na katika baadhi ya magari hata mashine ya kupimia hushindwa kuwasiliana nayo, hivi kwamba dalili zote zinaielekea kompyuta. Fundi mwenye subira huweka mita kwenye njia hiyo na kuchomoa sensa moja baada ya nyingine, mpaka volti 5 zirudi na mkosaji ajulikane, naye mara nyingi ni kifaa cha bei ndogo kuliko kontroli boksi. Erthi nayo hudanganya kwa namna yake: nati yenye kutu inaweza kuonekana nzima gari likiwa limezimwa, kisha starta inapozunguka ikapoteza umeme wa kutosha kuichanganya kompyuta, na vumbi, unyevu na mtikisiko wa barabara za changarawe hulegeza viunganishi kuliko watengenezaji walivyokusudia.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kompyuta haifi. Kapasita za baadhi ya kompyuta za magari ya Mitsubishi ya miaka ya 1990 zinajulikana kwa kuvuja kimiminika kinachokula njia za shaba za bodi, na mwezi Agosti 2010 Toyota ilitangaza kuyaita magari yapatayo milioni 1.13 ya Corolla na Matrix huko Marekani na Kanada, kwa sababu viungo vya lehemu ndani ya kompyuta zake vingeweza kupata ufa. Kinachotakiwa ni kwamba hukumu itokane na kipimo kinachomhusu mtuhumiwa mwenyewe: umeme na erthi vimefika kamili, ishara ya krenki imefika, waya za kwenda kwenye nozeli ni nzima, na bado amri haitoki. Kuwaondolea wengine shaka pekee hakutoshi, kwa kuwa hoja ya namna hiyo haina nguvu kuliko orodha ya walioshukiwa, na orodha hiyo ni ya mwanadamu.

Hata kifo cha kompyuta kikithibitishwa, hubaki swali la nini kimeiua. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 kuhusu Waazande wa eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, alieleza kwamba ghala likiwaangukia watu Waazande hawakukana kuwa mchwa walikula nguzo. Waliuliza kwa nini liliwaangukia hao na kwa saa hiyo, na uchawi waliuita mkuki wa pili, ule unaomalizia kazi ya mkuki wa kwanza. Kuuliza juu ya mkuki wa pili si ujinga. Koili yenye shoti inaweza kuunguza transista inayoiongoza, na fundi anayebadilisha kisanduku bila kuigusa koili anaupeleka mzigo mpya kwenye moto ule ule. Tofauti iko katika jibu: jibu la koili linaweza kupimwa na mtu yeyote mwenye mita, akiwemo asiyemwamini fundi, lakini jibu la ramli hulindwa lisipimwe. Robin Horton, mwaka 1967, aliona kwamba fikra za jadi za Afrika na sayansi zinafanana katika kutafuta nguvu zilizofichika nyuma ya yanayoonekana, na akaiweka tofauti kubwa katika uwazi wa kufikiria maelezo mengine. Kwasi Wiredu wa Ghana alijibu kwamba si haki kulinganisha mapokeo ya Waafrika na sayansi ya Wazungu badala ya mapokeo ya Wazungu wenyewe. Gereji inampa Wiredu haki, kwa sababu kufunga macho mbele ya maelezo mengine hakuna taifa: mwenye cheti na mashine ya gharama, anayebadilisha kifaa kwa kuusoma msimbo tu, anapiga ramli.

Uzito wa jambo hili huonekana panapohusika watu. Kanda ya Ziwa imewapoteza wanawake wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi zilizochochewa na ramli chonganishi, ingawa sheria dhidi ya tuhuma hizo ipo tangu 1928. Kisanduku cha umeme hakilingani hata kidogo na uhai wa bibi wa mtu. Pamoja na hayo, fikra iliyovunjika ni moja: kutoka kwenye msiba hadi kwenye jina la mkosaji hakukuwa na hatua yoyote ambayo mtuhumiwa angeweza kuonekana hana hatia. Uchunguzi usioweza kuachilia hauna haki ya kuhukumu.

Kipimo hicho kinahusu pia siku gari linapowaka na kisanduku kingine. Kisanduku cha mtumba lazima kiwe na namba ya kifaa inayolingana, na palipo na kinga ya wizi gari huukataa ufunguo wake mpaka kumbukumbu ya kisanduku cha zamani ihamishwe au funguo zisajiliwe upya. Lakini kuwaka peke yake hakuthibitishi kitu, kwa maana huenda plagi kubwa ya waya ilipochomolewa na kurudishwa ndipo kutu ilipokwanguka. Fundi mwaminifu hukirudisha kisanduku cha zamani, palipo salama kufanya hivyo, ili aone kama ugonjwa unarudi nacho. Abu Dawud amepokea hadithi inayomtwika dhamana ya madhara anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu, na hakuna sababu ya kuwasamehe wanaotibu magari kwa njia hiyo. Kwa hiyo mwenye gari, awe Bukima au Musoma mjini, na adai mambo mawili kabla ya kulipa: vipimo vilivyoandikwa, na kontroli boksi yake ya zamani mkononi, ili fundi mwingine aweze kuipima tena.