Furaha Ndogo Katika Msimu wa Masika

Katika sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki, mvua za masika, zinyeshazo kati ya Machi na Mei, humfunga mkulima kwa kazi nyingi, kwa kuwa kupanda hakungoji, magugu huota pamoja na mbegu, na palizi ikicheleweshwa mavuno hupungua. Hata hivyo, ni katika msimu huohuo ambapo ardhi hutoa vitu vidogo visivyogharimu fedha, kama vile harufu ya udongo baada ya mvua ya kwanza, kumbikumbi wa kukaanga na majani machanga ya maboga, mbali na kiporo cha wali kinacholiwa kwa chai ya moto kabla ya jembe kushikwa. Swali linalozuka ni la kifalsafa na la kidini kwa pamoja: je, furaha ya namna hii ina haki ya kuwapo katikati ya kazi, au yapaswa kungoja mpaka mavuno yaingie ghalani?

Kwa upande wa falsafa, Aristotle, katika kitabu cha kumi cha Maadili ya Nikomako, alitofautisha mambo yasiyokamilika mpaka yafike mwisho wake, kama ujenzi wa hekalu, na yale yaliyo kamili katika kila nukta ya kutendeka kwake, kama kuona. Na raha aliiweka katika kundi hili la pili. Kwa kipimo hicho palizi ni sawa na ujenzi, kwani thamani yake iko mbele, ilhali chai inayonywewa ukingoni mwa shamba haiwiwi chochote na mavuno, na hata mvua zikikatika mapema haziwezi kuubatilisha utamu uliokwisha kuonjwa.

Swali gumu zaidi ni la kidini, na aliyelichambua kwa undani ni Imamu Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111), katika kitabu cha subira na shukrani kilichomo ndani ya Ihya Ulum al-Din. Kwake shukrani ina sehemu tatu: ilimu, yaani kumjua aliyetoa neema; hali, yaani furaha inayoujaza moyo kwa sababu ya ujuzi huo; na amali, yaani kuitumia neema katika yale anayoyaridhia mtoaji. Ili kueleza furaha hiyo, anatoa mfano wa mfalme anayemzawadia mtu farasi: mtu aweza kumfurahia farasi kwa kuwa ni mali, au kwa kuwa ni dalili ya kujaliwa na mfalme, au kwa kuwa atampanda kwenda kumtumikia mfalme na kuwa karibu naye. Furaha ya kwanza, asema, haina shukrani ndani yake, kwa sababu ingekuwa ileile hata kama farasi angeokotwa jangwani.

Msomaji aweza kuuchukua mfano huu kuwa ni karipio dhidi ya utamu wenyewe, na hapo atakosea. Ghazali huyohuyo, katika kitabu hichohicho, anaandika kwa urefu juu ya neema ya chakula, akitaja mbegu, udongo, maji na jua, pamoja na mikono ya mafundi na wasafirishaji, na kuihesabu hisi ya kuonja miongoni mwa neema. Mtu anayedharau ulimi hawezi kuandika hivyo. Ngazi ya kwanza ya furaha haitoshi, lakini haiwezi kurukwa, kwa kuwa aliyemeza kiporo chake huku akili yake yote ikiwa shambani hana alichokipokea ambacho angekishukuru. Mhubiri wa Biblia naye, baada ya kuitangaza taabu ya mwanadamu kuwa ni ubatili, anarudi mara kadhaa kwenye kula, kunywa na kuifurahia kazi, na anaviita karama ya Mungu.

Mafundisho haya, ni lazima kukiri, huweza kutumiwa vibaya. Masika ni pia wakati ambapo akiba ya chakula katika kaya nyingi huwa imepungua, na kumhimiza mwenye njaa afurahie harufu ya udongo ni ukatili uliovikwa uchaji Mungu. Kinga dhidi ya ukatili huo imo katika sehemu ya tatu ya shukrani, ambayo wahubiri wa kuridhika huelekea kuisahau: neema haijashukuriwa mpaka itumike inavyopasa, na mwenye ghala lenye nafaka mwezi Aprili, ambaye ameujua utamu wa chakula chake mwenyewe, anadaiwa na jirani ambaye chungu chake hakijainjikwa jikoni.