Kiapo cha Waziri na Kura ya Mbunge

Mtu akikaa miaka mingi katika Bunge husifiwa kwa wingi wa miaka yake, kana kwamba kudumu peke yake ni tendo jema. Jiwe nalo hudumu mtoni, wala halimvushi mtu. Napenda basi, kijana msomaji, tuipime kazi ya mbunge mmoja wa muda mrefu kwa kura yake moja tu.

Ukisafiri kutoka Bungoma kwenda Kitale kwa njia ya Kimilili, mlima Elgon ukiwa mkono wako wa kushoto, unapita katika nchi iliyomzaa Masinde Muliro mwaka 1922, na ambayo aliitumikia. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cape Town, akarudi kufundisha. Mwezi wa Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, yeye alikuwa mmoja wa wanane walioingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mipaka ya majimbo ilipochorwa kabla ya uhuru alitaka Kitale iwe jimbo moja na Bungoma. Akashindwa, Kitale ikatiwa Bonde la Ufa. Chama chake cha KADU kilivunjwa 1964, naye akaingia KANU pamoja na wenzake. Hayo nayapita upesi, maana si ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mwezi wa Machi 1975 mbunge Josiah Mwangi Kariuki aliuawa, na maiti yake ikaonekana katika vilima vya Ngong. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi, na mwenyekiti wake alikuwa Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma. Taarifa yao ilipoletwa mwezi wa Juni, serikali haikutaka ikubaliwe. Muliro alikuwa Waziri wa Ujenzi. Alipiga kura pamoja na walioikubali, na serikali ikashindwa. Aliondolewa uwaziri mara moja, na mawaziri wadogo wawili, John Keen na Peter Kibisu, wakaondolewa pamoja naye.

Je, alitenda haki? Usijibu haraka. Wako wasemao kwamba mawaziri ni kinywa kimoja: hubishana faraghani, lakini wakitoka nje husema neno moja. Aliyekula kiapo hicho, akapokea mshahara wake na kupanda gari lake, hana ruhusa ya kuwageuka wenzake mbele ya watu. Kama dhamiri inamsuta, na ajiuzulu kwanza. Hoja hii ina nguvu, na rais aliyemwondoa alitumia mamlaka yake halali.

Lakini angalia amana hizi mbili zilitoka wapi. Uwaziri alipewa na mtu mmoja; ubunge alipewa na watu wengi, na bila huo wa pili asingeupata ule wa kwanza. Kura yenyewe huipiga kama mbunge. Kama jambo lingekuwa bei ya mahindi, ambayo huko Kitale si jambo dogo, ningesema avumilie, apige kura na wenzake, kwa kuwa bei mbaya ya mwaka huu yaweza kusahihishwa mwakani. Damu ya mtu haisahihishwi mwakani. Umoja wa mawaziri uliwekwa ili kazi ya serikali iendelee, na sioni jinsi kazi hiyo inavyodai kwamba mauaji yasikubaliwe kuwa yamechunguzwa.

Na hilo la kujiuzulu? Lingekuwa safi zaidi, nakubali. Lakini iko njia ya tatu, ambayo wakosoaji wake huwa hawaitaji. Wapo watu wanaougua siku ya kura na kupona kesho yake. Mtu wa namna hiyo hamsaliti rais, hawasaliti wapiga kura, na mshahara haukatiki. Kama umewahi kuwa kiranja, na rafiki yako akamwumiza mtoto mdogo bwenini, unaujua ugonjwa huo. Muliro alikuwako ukumbini, akahesabiwa.

Kumbuka pia wakati wenyewe. Chama cha KPU kilipigwa marufuku 1969, na tangu hapo kilibaki chama kimoja bungeni. Aliyeacha uwaziri hakuwa na upinzani wa kwenda kukaa nao. Muliro alishinda chaguzi nyingine na kushindwa nyingine. Mwaka 1991, mzee wa miaka 69, alikuwa miongoni mwa walioanzisha FORD kudai vyama vingi, na mwezi wa Desemba mwaka huo sheria iliyovizuia ikafutwa. Agosti 1992, aliporudi kutoka London, alianguka katika uwanja wa ndege wa Nairobi akafariki. Uchaguzi wa Desemba ulimkuta kaburini.