Wajibu Haungoji Ishara

Mambo mengi makubwa ya dunia hii huanza kwa kimya. Mbegu huota chini ya udongo kabla mkulima hajaona jani. Maradhi huingia mwilini kabla ya homa. Na mtu huanza kuwa mtu tumboni mwa mamaye kabla mamaye hajapata habari. Hapa pana swali linalostahili kuulizwa na kila kijana: Je, wajibu wetu huanza pale ishara inapoonekana, au huitangulia?

Ili tujibu, na tutazame kwanza mambo yalivyo. Aghalabu yai moja la mwanamke hukomaa kila mwezi, likashika njia ya mrija uelekeao mji wa mimba. Uhai wake ni wa siku moja hivi, walakini mbegu ya kiume yaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hata siku tano ikilingojea. Zikiungana, mimba hutungwa. Baada ya siku sita mpaka kumi hivi, yai hilo hujishikiza katika ukuta wa mji wa mimba, na mwili huanza kutoa homoni ambayo hutafutwa na kipimo cha mkojo. Hedhi iliyotazamiwa haiji. Matiti huuma, uchovu huzidi, kichefuchefu hufika, na harufu ya chakula kilichopendwa jana huchukiza leo. Hata hivyo ishara hizi si ushahidi kamili, kwa maana hedhi huweza kukawia kwa maradhi, kwa wasiwasi au kwa njaa, na msichana aliyevunja ungo karibuni huenda asiwe na mwezi wenye hesabu sawa.

Sasa tazama ajabu. Mfereji mdogo ambao hatimaye huwa ubongo na uti wa mgongo hufungika kabla ya siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Siku hizo ni zile ambazo mama ama hana habari, ama ndiyo kwanza anashuku. Kazi iliyo nyeti mno hutendeka gizani, na taa huwashwa baadaye.

Pengine mtu atasema: asiyejua hana hatia, basi hana wajibu pia. Nusu ya neno hili ni kweli, na nusu ni hila. Lawama na wajibu si kitu kimoja. Lawama hutazama nyuma, wajibu hutazama mbele. Ni udhalimu kumlaumu mama kwa asilolijua, kwani mimba nyingi huharibika pasipo kosa la mtu yeyote. Lakini ajuaye kwamba jambo laweza kutokea hawezi kujificha nyuma ya kutojua kama limekwisha kutokea. Nahodha haoni mwamba ulio chini ya maji, na ndiyo sababu hupima kina.

Historia imetuachia mfano wa kuhuzunisha. Mwaka 1957 dawa iitwayo thalidomide ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi kwa kuleta usingizi, na waja wazito wakaimeza pia ili kutuliza kichefuchefu cha miezi ya kwanza. Usalama wake kwa mtoto aliye tumboni haukuwa umethibitishwa. Yakadiriwa kwamba zaidi ya watoto 10,000 katika nchi mbalimbali waliathirika, wengi wao wakazaliwa na mikono au miguu mifupi, au bila viungo hivyo. Dawa iliondolewa sokoni huko mwezi wa Novemba 1961. Marekani iliponea kwa sehemu kubwa kwa sababu ya daktari mmoja wa serikali, Frances Kelsey. Alipoletewa ombi la dawa hiyo mwaka 1960, hakujua kwamba ingedhuru mimba. Alijua tu kwamba ushahidi wa usalama wake haukutosha. Alihimizwa mara nyingi, na mara nyingi alikataa. Hakungoja msiba umfundishe uangalifu.

Wajibu wa namna hii si mzigo wa mwanamke peke yake. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika paketi utiwe asidi ya foliki pamoja na virutubishi vingine, kwa sababu asidi hiyo husaidia mfereji ule kufungika vyema. Taifa huandaa karamu kabla ya kujua jina la mgeni.

Lakini ishara zina dhuluma moja: hudhihirika katika mwili wa mmoja, ilhali hakuna mimba iliyotungwa na mmoja. Mwili wa mwanamume haumshuhudii. Yeye hula na kucheza kama jana, huku msichana akihesabu siku kwa hofu. Na pengine msichana huyo hakupewa hata hiari. Mwenye kuhukumu kwa ishara pekee humwadhibu anayeonekana, akamwacha asiyeonekana. Haki ya kweli huuliza nani alitenda, wala haiishii kuuliza nani amebainika.

Iko siri ya kulinda, na iko siri ya hofu. Mke asiyetangaza mimba changa kwa majirani ana busara yake. Lakini msichana anayejifunga kanga tumboni ili asigunduliwe hukosa kliniki, ushauri na dawa, na maisha yake mwenyewe yamo hatarini. Wahenga walisema, “Mficha uchi hazai.” Amwambie mtu mzima anayemwamini, naye mtu mzima huyo asikie kabla ya kukemea. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unamruhusu msichana kuendelea na masomo akiwa mja mzito na kurejea shuleni baada ya kujifungua. Basi mlango haukufungwa, ingawa macho ya watu huweza kuufanya uonekane umefungwa.

Ewe kijana, mwanamume na mwanamke, ishara huja ikiwa imechelewa. Elimu yaweza kuitangulia, hadhari yaweza kuitangulia, na heshima ya mtu kwa mwenziwe yapasa kuzitangulia zote. Mwenye kungoja aone ndipo awajibike, huanza kujenga ukuta mvua ikiwa imekwisha kuingia nyumbani.